Kilomita Elfu kwa Karata: Mchezo wa Mille Bornes na Hesabu za Uwezekano

Watu wengi huamini kwamba mchezo wa karata ni mchezo wa bahati tu. Apataye karata njema hushinda, apataye mbaya hushindwa, na hapana la zaidi. Imani hiyo ina ukweli ndani yake, maana hakuna mchezaji ajuaye karata atakayoiokota zamu ijayo. Lakini huo si ukweli wote. Bahati nayo ina kanuni zake, na kanuni hizo zaweza kuhesabiwa. Tawi la hisabati linaloshughulika na hesabu hizo huitwa nadharia ya uwezekano.

Mfano mmoja mzuri wa nadharia hiyo ni mchezo wa Kifaransa uitwao Mille Bornes, ambao ni mashindano ya safari ya gari yanayochezwa mezani kwa karata. Kila upande hujitahidi kukamilisha kilomita 1,000 huku ukizuiwa na pancha, ajali, upungufu wa petroli na taa nyekundu. Makala haya yaeleza jinsi mchezo huo unavyochezwa, na jinsi hesabu chache zinavyoweza kumwongoza mchezaji pale ambapo macho yake hayafiki.

ASILI YA MCHEZO

Neno la Kifaransa "borne" lina maana ya jiwe linalosimikwa kando ya barabara kuonyesha kilomita, na "mille" ni elfu. Kwa hiyo jina la mchezo ni "Mawe Elfu", yaani kilomita elfu moja. Mchezo huu ulitolewa mwaka 1954 na Edmond Dujardin, Mfaransa aliyekuwa akichapisha vifaa vya kufundishia katika shule za udereva.

Umbali wa kilomita 1,000 haukuwa mgeni kwa Wafaransa wa wakati ule. Barabara kuu yao namba 7, iliyotoka Paris na kuishia Menton karibu na mpaka wa Italia, ilikuwa na urefu wa kilomita 996. Ndiyo barabara iliyopitwa na watu wengi waliokwenda pwani ya kusini wakati wa likizo. Aliyecheza Mille Bornes alikuwa kama anayesafiri njia hiyo yote bila ya kuondoka mezani pake.

Hata hivyo wazo lenyewe lilikuwa la zamani zaidi. Mwaka 1906, wakati magari yangali machache duniani, Mmarekani William Janson Roche alibuni mchezo wa karata uitwao Touring. Kampuni ya Parker Brothers iliuchukua mchezo huo mwaka 1925 na kuueneza. Kanuni za Mille Bornes zinafanana sana na za Touring. Dujardin aliuvika mchezo wa zamani vazi la barabara za Ufaransa, nao ukapendwa kupita ule uliotangulia.

KARATA NA AINA ZAKE

Mchezo huu hauchezwi kwa karata 52 za kawaida zenye kopa, uru, pau na shupaza. Una karata zake 106, nazo zimegawanyika katika aina nne.

Aina ya kwanza ni karata za masafa, ambazo ndizo zinazosogeza gari mbele. Jumla yake ni 46:

Kilomita 25: karata 10
Kilomita 50: karata 10
Kilomita 75: karata 10
Kilomita 100: karata 12
Kilomita 200: karata 4

Katika matoleo ya Kifaransa yanayojulikana sana, kila umbali una mnyama wake: konokono kwa 25, bata kwa 50, kipepeo kwa 75, sungura kwa 100, na mbayuwayu kwa 200.

Aina ya pili ni karata za mikasa, ambazo mchezaji humwekea mpinzani wake ili kumzuia. Aina ya tatu ni karata za tiba, ambazo huondoa mikasa hiyo. Kila mkasa una tiba yake maalumu:

Ajali (karata 3) huondolewa na Matengenezo (karata 6)
Petroli Imekwisha (karata 3) huondolewa na Petroli (karata 6)
Pancha (karata 3) huondolewa na Tairi la Akiba (karata 6)
Simama (karata 5) huondolewa na Nenda (karata 14)
Kikomo cha Mwendo (karata 4) huondolewa na Mwisho wa Kikomo (karata 6)

Jumla ya mikasa ni 18 na ya tiba ni 38. Msomaji ataona kwamba tiba ni nyingi kuliko mikasa. Asidhani, hata hivyo, kwamba kwa sababu hiyo safari ni nyepesi, kama itakavyoonekana hapa chini.

Aina ya nne ni karata za kinga, nazo ni 4 tu, kila moja ya namna yake. Dereva Hodari hukinga ajali. Lori la Petroli hukinga upungufu wa petroli. Tairi Lisilotoboka hukinga pancha. Haki ya Kupita, ambayo ni haki ya magari kama ya zimamoto, hukinga mikasa miwili kwa pamoja: Simama na Kikomo cha Mwendo. Mwenye kuweka kinga mezani hawezi tena kupatwa na mkasa unaohusika mpaka duru ile imalizike.

NAMNA YA KUCHEZA

Mchezo hupendeza zaidi ukichezwa na watu wanne, wawili kwa wawili, kila mtu akikaa mkabala na mwenzi wake. Wenzi hao hutumia gari moja, yaani karata wanazoweka mezani ni za upande mzima, lakini hawaruhusiwi kuonyeshana karata za mikononi. Waweza pia kuchezwa na watu wawili au watatu, kila mmoja akijitegemea. Katika kanuni zilizoenea Marekani, hapo safari hufupishwa ikawa ya kilomita 700.

Karata zikishachangwa vizuri, kila mchezaji hugawiwa karata 6. Zinazobaki huwekwa katikati kifudifudi, nazo huwa ndilo rundo la kuokotea. Kando yake huachwa nafasi ya rundo la kutupia. Karata iliyokwisha kutupwa haiokotwi tena na mtu yeyote.

Zamu ya mchezaji ina hatua mbili tu. Kwanza huokota karata moja, akawa na 7 mkononi. Kisha huchagua moja na kuiweka mezani, au, ikiwa hana inayofaa, huitupa. Baada ya hapo zamu huhamia kwa anayefuata.

Kila upande huwa na marundo matatu mbele yake. La kwanza ni rundo la mapambano, ambalo huonyesha kama gari linakwenda au limesimama. La pili ni rundo la mwendo, ambalo huonyesha kama gari limewekewa kikomo. La tatu ni rundo la masafa, ambapo kilomita hujumlishwa.

Gari haliwezi kuondoka bila ya karata ya Nenda. Kwa hiyo kila upande huanza safari kwa kuweka karata hiyo juu ya rundo lake la mapambano. Maadamu Nenda ndiyo iliyo juu, upande ule waweza kuongeza karata za masafa, moja kwa kila zamu.

Upande mwingine nao hauketi ukitazama. Mchezaji aweza kutumia zamu yake kuweka mkasa juu ya rundo la mapambano la mpinzani, mradi gari la mpinzani huyo liwe linakwenda. Gari lililokwisha kusimama haliongezewi mkasa mwingine wa kulisimamisha. Aliyewekewa Pancha, kwa mfano, hana budi kwanza kuweka Tairi la Akiba. Lakini hilo pekee halitoshi: gari likishatengenezwa lazima lipewe Nenda kwa mara nyingine ndipo liendelee. Hapo ndipo ilipo sababu ya karata za Nenda kuwa 14. Mkasa wa namna hiyo, ambao ulimgharimu mpinzani zamu moja tu, humgharimu aliyepatwa zamu mbili kwa uchache, na pengine nyingi zaidi ikiwa tiba haimo mkononi mwake.

Kikomo cha Mwendo ni mkasa wa namna ya peke yake. Huwekwa juu ya rundo la mwendo, nao haulisimamishi gari. Humzuia tu aliyewekewa asitumie karata inayozidi kilomita 50, mpaka apate Mwisho wa Kikomo. Kati ya karata 46 za masafa, zinazomfaa mtu wa namna hiyo ni 20 tu.

Kuna masharti mawili zaidi yahusuyo masafa. Sharti la kwanza, hakuna upande unaoruhusiwa kutumia zaidi ya karata mbili za kilomita 200 katika duru moja. Sharti la pili, safari lazima iishe kwa kilomita 1,000 kamili, bila ya kupungua wala kuzidi. Aliyefika 950 hawezi kutumia karata ya 75. Atahitaji ya 50 au mbili za 25. Katika sharti hilo mna siri ndogo ya hesabu. Kila umbali katika mchezo huu hugawanyika kwa 25, na kilomita 1,000 ni sawa na mafungu 40 ya 25. Karata ya 25 ni fungu 1 na ya 75 ni mafungu 3, ilhali zilizobaki zote zina mafungu yanayogawanyika kwa 2. Kwa kuwa 40 nayo hugawanyika kwa 2, idadi ya karata za 25 na za 75 zikihesabiwa pamoja lazima igawanyike kwa 2. Aliyetumia karata moja tu ya 75 na ajue mapema kwamba hatafika bila ya kupata nyingine ya 75 au ya 25.

Duru huisha upande mmoja ukitimiza kilomita 1,000. Rundo la kuokotea likiisha kabla ya hapo, wachezaji huendelea kwa karata walizo nazo mikononi mpaka nazo zimalizike.

KINGA NA PIGO LA KURUDISHA

Karata ya kinga yaweza kutumiwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuiweka mezani zamu ya mchezaji inapofika. Akiiweka, huokota karata nyingine na kucheza tena papo hapo. Ikiwa mkasa unaohusika ulikuwa umekwisha kuwekwa, kinga hiyo huuondoa. Mwenye Haki ya Kupita, zaidi ya hayo, hahitaji tena karata za Nenda: gari lake huondoka lenyewe kila linapokuwa halina mkasa mwingine.

Njia ya pili ni kuificha kinga mkononi na kumngoja mpinzani. Mpinzani akiweka mkasa unaokingwa na karata ile, mwenye kinga huitoa mara moja, hata kama zamu si yake, kabla karata nyingine haijaokotwa. Mkasa huondolewa, aliyetoa kinga huokota karata ya kujaza nafasi yake, kisha zamu huwa yake, na walio kati huruka. Wafaransa huliita pigo hilo "coup fourré", neno lililotoka katika mchezo wa kupigana kwa vitara. Thamani yake ni kubwa, na ndiyo sababu kila apataye kinga hujiuliza: niiweke sasa, au ningoje?

ALAMA

Mwisho wa duru kila upande huhesabiwa alama zake hivi:

Kila kilomita iliyosafiriwa: alama 1
Kila kinga iliyowekwa: alama 100
Kinga zote 4 kuwekwa na upande mmoja: nyongeza ya alama 300
Kila pigo la kurudisha: nyongeza ya alama 300
Kutimiza safari: alama 400
Kutimiza safari bila ya kutumia karata yoyote ya 200: nyongeza ya alama 300
Kutimiza safari baada ya rundo la kuokotea kuisha: nyongeza ya alama 300
Kutimiza safari ilhali mpinzani hajapata hata kilomita moja: nyongeza ya alama 500

Kwa mfano, upande uliotimiza safari bila ya karata za 200, na kufaulu pigo moja la kurudisha, hupata 1,000 + 400 + 300 + 100 + 300, yaani alama 2,100. Upande wa pili, uliofika kilomita 725 na kuweka kinga mbili kwa njia ya kawaida, hupata 725 + 200, yaani 925. Duru hurudiwa mpaka upande mmoja ufikishe alama 5,000.

HESABU YA KWANZA: KUONDOKA

Mchezaji wa kwanza ameokota karata yake, ana 7 mkononi. Je, kuna uwezekano gani kwamba ataweza kuanza safari zamu hiyo hiyo?

Karata zinazowezesha kuondoka ni Nenda 14 pamoja na Haki ya Kupita 1, jumla 15. Zisizowezesha ni 91. Njia nyepesi ni kuhesabu kwanza uwezekano wa kukosa. Karata ya kwanza yaweza kuwa miongoni mwa zile 91 kati ya 106. Ikiwa ndivyo, ya pili itakuwa miongoni mwa 90 zilizobaki kati ya 105, ya tatu 89 kati ya 104, na hivyo hivyo mpaka ya saba, ambayo ni 85 kati ya 100. Sehemu hizo saba zikizidishwa zote pamoja, jawabu ni 0.33. Maana yake ni kwamba, katika kila wachezaji watatu wanaoanza, kwa wastani mmoja hatakuwa na njia ya kuondoka na wawili watakuwa nayo.

Hesabu ikiendelezwa kwa njia hiyo hiyo, mchezaji aliyekwisha kuona karata 10, yaani aliyefika zamu yake ya nne, angali na uwezekano wa 0.20 wa kuwa hajaona hata moja. Mtu mmoja kati ya watano atakuwa amekwama muda wote huo bila ya kosa lake. Huyo husema amerogwa. Hesabu husema jambo hilo ni la kawaida. Afanyalo mwenye busara katika muda huo ni kuweka akiba ya karata za 100 na za tiba, na kutupa zile asizozihitaji, ili siku ya kuondoka isimkute mikono mitupu.

HESABU YA PILI: KUNGOJA AU KUTOKUNGOJA

Kinga iliyowekwa mapema huleta alama 100. Iliyongojewa na kufaulu huleta 400. Lakini isipopata mkasa wa kuujibu, kungoja huko hakumwongezei mwenyewe kitu, na huku karata imekaa mkononi ikichukua nafasi ya nyingine.

Chukua mchezaji mwenye Dereva Hodari mwanzoni mwa duru ya watu wanne. Anaona karata zake 7, na katika hizo hamna Ajali. Karata asizoziona ni 99, na 12 kati ya hizo zimo mikononi mwa wapinzani wawili. Karata za Ajali ni 3. Uwezekano wa kuwapo angalau Ajali moja katika mikono ya wapinzani ni 0.32. Mwenye Haki ya Kupita, kwa upande wake, anangoja karata 9 za aina mbili, Simama 5 na Kikomo cha Mwendo 4. Uwezekano wa kuwapo angalau moja mikononi mwa wapinzani ni 0.70, yaani zaidi ya mara mbili ya ule wa kwanza.

Kwa hiyo kungojea kwa Haki ya Kupita kuna tumaini kubwa zaidi. Lakini mchezaji asiye na Nenda asingoje, kwa maana kinga hiyo ndiyo itakayomtoa mahali alipo. Na jambo la kukumbuka kuliko yote ni kwamba uwezekano hubadilika kila karata inapoonekana. Ajali zote 3 zikishapita mezani, kumficha Dereva Hodari ni kazi bure. Ndiyo maana mchezaji mzuri huhesabu mikasa inayopita, na kwa kuwa jumla yake ni 18 tu, hesabu hiyo haimshindi mtu.

HESABU YA TATU: KARATA ZA 200

Anayetumia karata mbili za 200 aweza kutimiza safari kwa karata 8: mbili za 200 na sita za 100. Asiyezitumia kabisa huhitaji 10 kwa uchache. Faida ya haraka hiyo, basi, ni zamu mbili. Gharama yake ni alama 300 za safari isiyo na karata za 200. Je, biashara hiyo ina faida?

Tuseme lazima upande mmoja utimize safari, na atimizaye hupata 400. Bila ya karata za 200, mshindi hupata 700 na anaposhindwa mpinzani hupata 400. Akizitumia, akishinda hupata 400 na akishindwa mpinzani hupata 400 vilevile. Hesabu yaonyesha kwamba karata za 200 huleta faida pale tu zinapouzidisha uwezekano wa kushinda kwa mara 1.375 au zaidi. Mwenye uwezekano wa 0.50 lazima ufike karibu 0.69. Na mwenye uwezekano unaozidi 0.73 tangu awali hana faida yoyote ya kuharakisha, hata kama karata hizo zingemhakikishia ushindi.

Kwa maneno mengine, karata za mbayuwayu ni za aliyeachwa nyuma. Aliye mbele na aende kwa mwendo wa sungura.

KUTOKA MEZANI MPAKA BARABARANI

Katika barabara ya kweli nako kuchelewa hutokana na kusimama kuliko kwenda taratibu. Safari ya kilomita 1,000 kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa huchukua saa 10. Kwa kilomita 80 huchukua saa 12 na nusu. Tofauti ni saa mbili na nusu. Dereva wa kwanza akipata pancha bila ya tairi la akiba, akakaa saa 3 akingoja msaada, atafika nyuma ya yule wa pili. Mezani tairi la akiba ni zamu moja tu, na barabarani ni kifaa cha kukaguliwa kabla ya kuondoka.

Lakini kuna mambo ambayo karata haziwezi kuyaonyesha. Mezani karata ya 200 haimdhuru mtu. Barabarani mwendo una gharama nyingine, kwa sababu nishati ya gari linalokwenda huongezeka kwa kipeo cha pili cha mwendo wake. Tuseme dereva huchukua sekunde 1 tangu aone hatari mpaka akanyage breki, na kwamba katika barabara kavu breki nzuri hupunguza mwendo kwa mita 7 kwa sekunde katika kila sekunde. Aendaye kilomita 50 kwa saa atapita mita 14 kabla ya kukanyaga breki, na mita 14 nyingine kabla ya kusimama, jumla 28. Aendaye kilomita 100 kwa saa atapita mita 28, kisha 55, jumla 83. Mwendo umeongezeka mara 2, lakini masafa ya breki yameongezeka mara 4. Mtoto aliyekatiza barabara mita 40 mbele ya gari huokoka mbele ya dereva wa kwanza, na mbele ya wa pili haokoki.

Mwaka 1954, mchezo ulipotolewa, barabara za Ufaransa zilizo nje ya miji hazikuwa na kikomo cha jumla cha mwendo. Mwaka 1972 watu zaidi ya 16,000 walikufa katika ajali za barabarani nchini humo. Vikomo vya jumla viliwekwa mwaka 1973 na kurekebishwa mwaka 1974, na katika mwaka 1973 mikanda ya usalama ilianza kulazimishwa kwa wanaokaa viti vya mbele nje ya miji. Pamoja na hatua nyingine nyingi zilizofuata, za barabara, magari na matibabu, vifo vilipungua sana. Tangu mwaka 2010 Ufaransa bara imekuwa na vifo visivyofika 4,000 kwa mwaka, ingawa magari yameongezeka sana. Karata inayowaudhi wachezaji kuliko zote mezani ndiyo iliyookoa wengi barabarani. Duniani kote, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani katika mwaka 2021.

KUJITENGENEZEA KARATA

Karata za Mille Bornes si lazima zinunuliwe. Karatasi ngumu iliyokatwa vipande 106 vilivyo sawa, vikaandikwa upande mmoja kwa hesabu iliyotolewa hapo juu, yatosha kabisa. La kuangalia ni kwamba migongo ya vipande vyote ifanane, isije karata ikajulikana kabla ya kufunuliwa.

Karata hizo zaweza pia kutumiwa kwa jaribio darasani. Zichangwe vizuri, zitolewe 7, na itazamwe kama katika hizo mna Nenda au Haki ya Kupita. Zirudishwe, zichangwe tena, na jaribio lirudiwe mara 30. Kwa hesabu ya hapo juu, zinazofaulu zitegemewe kuwa karibu 20. Huenda kundi moja likapata 17 na jingine 23. Tofauti ya namna hiyo haivunji kanuni. Makundi 10 yakiunganisha matokeo yao, wastani utaonekana ukikaribia zaidi asilimia 67. Hiyo ndiyo tabia ya bahati: katika tukio moja haitabiriki, katika matukio mengi hutii.

Somo hilo lafaa kushikwa na kila asafiriye. Mchezaji aliyetumia karata zake vibaya aweza kushinda duru moja, na aliyezitumia vizuri aweza kushindwa; duru nyingi zikishachezwa, ndipo uamuzi mzuri unapojitofautisha na mbaya. Vivyo hivyo dereva anayelipita gari jingine kwenye kona asiyoiona mbele yake aweza kufika salama leo, na kesho, na mwezi mzima, akadhani kwamba uzoefu umempa haki ya kufanya hivyo. Kufika kwake hakuthibitishi kwamba uamuzi ulikuwa sawa. Kunaonyesha tu kwamba karata ile haijaokotwa bado. Mezani, aliyeokota mkasa hungoja duru nyingine akaanza upya, ilhali barabarani hakuna duru ya pili.